Mkono haujakua, lakini chuma kinapanda

Alisimama mbele ya kioo kikubwa cha jimu, mkono wa fulana ameupandisha hadi begani, tepu ya fundi cherehani ameizungusha juu ya kiwiko. Ncha moja ya tepu alikuwa ameing'ata kwa meno. Akapima, akasoma namba, akakunja ngumi kwa nguvu zaidi, akapima tena.

"Kocha, wiki ya nane hii," alimwambia mzoefu mmoja ambaye si kocha, ila sote pale tunamwita hivyo. "Nusu sentimita. Na hiyo nusu yenyewe naona kama nimejipendelea."

Kocha akacheka. "Vumilia, dogo. Mwili haujengwi kwa siku moja."

Dogo akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akakunja tepu yake na kurudi kwenye benchi.

Pale benchini alikuwa ameacha daftari wazi. Sikuwa na nia ya kuchungulia, lakini mwandiko wake unasomeka hata ukiwa mbali. Kila zoezi lina mstari wake: uzito wa siku ya kwanza kushoto, wa leo kulia. Kuchuchumaa na chuma mabegani: kilo 20, yaani chuma kitupu bila sahani hata moja. Leo kilo 50. Kusukuma chuma kutoka kifuani: 20, leo 35.

Miguu yake inabeba zaidi ya mara mbili ya ilichobeba mwanzo, na mwenyewe anaamini hakuna kilichotokea.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kocha hakumwambia uongo. "Vumilia" ni neno la kweli, na kila anayeanza kubeba chuma ataambiwa hivyo kabla hajafika kwenye kabati la nguo. Kinachonisumbua ni kwamba linamwacha mtu gizani. Avumilie nini hasa? Hadi lini? Na atajuaje kama anachokivumilia kinaelekea mahali, au anapoteza tu jioni zake?

## Nguvu hutangulia

Mwaka 1979 watafiti wawili, Moritani na deVries, walichapisha utafiti ambao hadi leo hutajwa kila linapokuja swali la nguvu za anayeanza hutoka wapi. Walipima mambo mawili pamoja: ukubwa wa misuli ya mkono, na umeme unaopita ndani ya misuli hiyo inapokaza. Wiki za mwanzo nguvu zilipanda haraka, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na neva, yaani mishipa ya fahamu. Ukubwa wa misuli ulikuja kushika usukani baadaye, baada ya takriban wiki tatu hadi tano.

Msuli haujiamrishi. Kila kundi la nyuzi zake linasubiri amri ya neva moja kutoka kwenye uti wa mgongo. Mtu ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kwa utaratibu hawezi kuyaamsha makundi yote kwa pamoja hata akitaka. Mengine yanachelewa, mengine hayaitwi kabisa, na misuli ya upande wa pili wa kiungo inakaza bila kuombwa na kupinga mwendo. Ni kwaya siku ya kwanza ya mazoezi: sauti zote zipo, ila kila mmoja anaingia anapojisikia. Wiki chache baadaye waimbaji ni walewale, hakuna aliyeongezwa, lakini paa linatikisika.

Habari hizi zilianza kunusika zamani sana. Mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale, Edward Scripture na wenzake waliripoti kwamba ukizoeza mkono mmoja tu kukaza, mkono wa pili ambao haukuguswa nao huongezeka nguvu. Mkono uliokaa bure haukupata mzigo wowote wa kuunenepesha. Kilichofundishwa kilikuwa huko juu, kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Kwa hiyo zile kilo 30 za Dogo zina maelezo. Nyingi ni za neva.

Hapo nilijikwaa kidogo. Kama ni za neva, je, ni nguvu za bandia? Nimewahi kusikia watu wakisema hivyo, kwamba "bado hajajenga, anazoea tu", kwa sauti ile ya kumshusha mtu. Sikubaliani nao. Kilo 50 mabegani ni kilo 50, na goti halina habari kama zimebebwa na nyama mpya au na neva zilizoamka. Tena bila hatua hii, hatua ya pili haiji. Kinachouambia msuli ukue, kwa kiasi kikubwa, ni mkazo unaoupata ukiwa kazini. Anayeanza hana uwezo wa kuupa msuli wake mkazo wa kutosha kwa mkao ulio salama, kwa sababu bado anayumba, magoti yanaingia ndani, mgongo unajikunja. Wiki za neva zinamnunulia uwezo huo.

## Hesabu ya nusu sentimita

Nilikuja kukaa chini na kalamu, na hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka.

Chukua mkono wenye mzunguko wa sentimita 30. Tuufanye duara kamili, ingawa mkono wa mtu si duara kamili. Ukiukata kama gogo, uso wa mkato huo una eneo la karibu sentimita za mraba 72. Sasa ongeza nusu sentimita tu kwenye mzunguko: eneo linakuwa 74. Ni ongezeko la asilimia 3 na kidogo kwa mkono mzima.

Lakini mkono mzima si misuli. Kuna mfupa katikati, kuna mafuta chini ya ngozi, kuna ngozi yenyewe, na vyote hivyo havikuenda jimu kukua. Ongezeko lote liko kwenye misuli. Tukisema misuli inachukua sentimita za mraba 50 kati ya zile 72, basi yenyewe imekua kwa karibu asilimia 5.

Asilimia 5 kwa wiki nane, kwa mtu ambaye wiki za mwanzo mwili wake ulikuwa unashughulika na neva kwanza. Hayo si maendeleo ya kuonea haya.

Tepu hupima mzunguko, na mzunguko hupanda polepole kuliko eneo. Mtu anaweza kuongeza nyama ya kutosha huku tepu ikimwonyesha kitu ambacho angekipata hata kwa kubadilisha namna ya kukunja ngumi. Na kwa kuwa vipimo viwili vya mkono huohuo, dakika mbili baadaye, vinaweza kupishana kwa milimita kadhaa, anayejipima kila siku anapima mkono wa fulana na hali ya moyo wake.

Jambo la pembeni: wengi wanaotaka mkono mkubwa huhangaika na msuli wa mbele peke yake, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye kioo. Msuli wa nyuma ya mkono ni mkubwa kuliko wa mbele. Anayesukuma chuma kifuani na kichwani anaujenga hata asipouwekea siku yake maalumu.

## Mizani nayo

Mizani hudanganya kwa namna yake, na mara nyingi hudanganya kwa furaha. Mtu anaanza mazoezi, anaongeza chakula, na wiki ya pili ana kilo moja na nusu zaidi. Anapiga picha ya mizani na kuwatumia marafiki.

Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Misuli inayofanya kazi huweka akiba ya wanga ndani yake, iitwayo glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Anayetumia kreatini, kirutubisho cha nyongeza kwa wabeba vyuma, anavuta maji zaidi ndani ya misuli. Kreatini si dawa ya ajabu wala si sumu: Mfaransa Chevreul aliitambua ndani ya nyama mwaka 1832, mwili wenyewe huitengeneza, na gramu 3 hadi 5 kwa siku ni kiasi ambacho kimechunguzwa kwa miaka mingi kwa watu wenye afya njema. Inasaidia kuongeza rudio moja au mawili mwishoni mwa seti, yaani mfululizo mmoja wa marudio kabla ya kupumzika. Ila kilo zake za mwanzo ni za maji, na anayezihesabu kama nyama atavunjika moyo mwezi wa pili zitakapoacha kupanda.

Na maumivu? Ya siku ya pili, yale ya kushuka ngazi ukishikilia ukuta? Yanatokana na misuli kukutana na kitu isichokizoea. Hufika kileleni kati ya siku moja na tatu, na ukirudia zoezi lilelile wiki ijayo hupungua sana. Kuyatafuta kila wiki kwa kubadili mazoezi ili "misuli ishtuke" ni kuhakikisha kwamba hujawahi kulizoea zoezi lolote vya kutosha kulibebea uzito. Nimeona watu wakikaa mwaka mzima katika mzunguko huo, wakiumwa kila Jumanne, chuma kikiwa palepale.

## Daktari aliyekuwa na haraka

Dogo anaandika "3 x 10" kwenye daftari lake, yaani seti tatu za marudio kumi. Kila mtu anaandika hivyo. Wachache huuliza ilitoka wapi, na mimi nilipotafuta nilikutana na hospitali ya jeshi.

Thomas DeLorme alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, akifanya kazi katika Gardiner General Hospital, Chicago, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Wodi zilijaa askari waliopasuliwa magoti na mifupa, na kupona kwao kulikuwa kwa kobe. Desturi ya wakati ule ilikuwa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi sana, kwa hofu kwamba mzigo mzito ungeharibu kiungo. DeLorme alikuwa na sababu ya kutilia shaka hofu hiyo. Ujana wake aliugua homa ya baridi yabisi, na alijirudishia mwili wake kwa kunyanyua vyuma.

Akawapa askari wale mizigo mizito. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: tafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara 10, asiweze mara ya 11, rudia, nguvu zikiongezeka, ongeza uzito. Aliyaandika haya mwaka 1945. Mwanzoni alitaka seti 7 hadi 10. Mwaka 1948, akiandika na Watkins, alizipunguza zikawa tatu: ya kwanza kwa nusu ya uzito ule, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote.

Kwa hiyo seti yenye kazi kamili ilikuwa moja tu. Mbili za kwanza zilikuwa njia ya kufika hapo.

Namba yenyewe, 10, haina uchawi. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba misuli hukua kwa uzito mwepesi na mzito vilevile, hata theluthi ya uwezo wako wa juu kabisa, mradi seti iishie karibu na pale ambapo huwezi tena. Marudio 8 hadi 12 yanapendwa kwa wanaoanza kwa sababu za kawaida kabisa: si mazito kiasi cha kuharibu mkao, si mengi kiasi cha kukukatisha pumzi kabla misuli haijachoka.

Kilichobaki cha DeLorme, na ambacho ndicho mhimili wa kazi yote, ni kile kisehemu cha "nguvu zikiongezeka, ongeza uzito". Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, kilimshauri anayeanza afanye mazoezi ya mwili mzima siku mbili au tatu kwa wiki, na aongeze uzito kwa asilimia 2 hadi 10 pale anapoweza kuzidisha rudio moja au mawili juu ya lengo lake. Basi. Mazoezi matano au sita yanatosha: moja la kuchuchumaa, moja la kunyanyua kutoka chini, la kusukuma mbele, la kusukuma juu, la kuvuta. Kuna siku nadhani biashara nzima ya kuuza programu mpya kila mwezi inaishi kwa sababu watu hawaamini kwamba jambo linaweza kuwa la kuchosha hivi na bado likafanya kazi.

Daftari la Dogo lilikosa kitu kimoja. Aliandika uzito na marudio, hakuandika alimaliza akiwa na hali gani. Kumi za kwanza kwa kilo 50 zikiwa zimebakiza nguvu za rudio moja, na kumi za wiki ijayo zikiwa zimebakiza nne, ni siku mbili tofauti kabisa, ingawa ukurasani zinafanana. Kuacha akiba ya rudio moja hadi matatu kwenye seti nyingi kunatosha. Kubakiza sita ni matembezi.

## "Nakula sana, ila siongezeki"

Sentensi hii nimeisikia kwa kila mwembamba niliyewahi kukutana naye jimu.

Ukimkalisha mtu huyo mkarudi nyuma siku tatu, mnakuta Jumamosi alikula kweli, akala hadi akalala. Ijumaa hakunywa hata chai asubuhi, mchana alipitiwa na kazi, usiku alikula kidogo kwa sababu alikuwa amechoka. Kumbukumbu huhifadhi karamu na kusahau mfungo. Mwili hauna upendeleo huo, unajumlisha vyote.

Kwa mwembamba, kuongeza takriban kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya kile kinachoufanya uzito wake usimame ni mahali pazuri pa kuanzia. Kuongeza 1,500 hakutamjengea misuli mara tatu zaidi. Kasi ya kujenga ina kikomo, na ziada huenda tumboni. Mnene anayeanza ana bahati ambayo hatangaziwi: anaweza kujenga misuli bila kuongeza chakula, hata akiwa anapungua, kwa sababu akiba ya nishati anayo mwilini tayari, ilimradi protini iwepo.

Protini. Hapa watu hugombana hadi usiku.

Kiwango ambacho kwa miaka mingi kimependekezwa kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa anayebeba chuma, uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 49 ulikuta kwamba faida ya kuongeza protini inafifia kwenye takriban gramu 1.6 kwa kilo. Uchambuzi huohuo ulionyesha jambo linaloachwa nyuma kila unaponukuliwa: sehemu kubwa ya misuli iliyoongezeka ililetwa na mazoezi yenyewe, protini ya ziada iliongezea kidogo juu yake.

Dogo ana kilo 62. Mara 1.6, tunapata kama gramu 100. Namba inatisha ukiisikia hewani, kwa hiyo niiweke mezani. Mayai matatu yana karibu gramu 18. Gramu 150 za kidari cha kuku kilichopikwa, kama 45. Bilauri mbili za maziwa, 16. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Hapo ni 94, kabla sijagusa protini ndogondogo iliyomo kwenye wali na mkate. Asiyekula nyama anaifikia pia kwa kunde, soya, karanga, mayai au maziwa, ila itambidi apange zaidi na ale sahani kubwa zaidi.

Protini ya unga? Ile inayoitwa whey ni majimaji yanayobaki jibini ikitengenezwa, yakakaushwa. Ni chakula. Inamfaa mtu ambaye hana muda wa kupika au anayeshiba upesi, na anayefikisha hesabu yake kwa sahani haihitaji. Ile hofu ya kwamba usipokunywa ndani ya dakika 30 baada ya mazoezi umeharibu kila kitu, iache. Jumla ya siku ndiyo yenye uzito, na kuigawa katika milo mitatu au minne yenye gramu 20 hadi 40 kunatosha. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate namba hizi kabla hajaongea na daktari wake.

Sitaki kupika hesabu hadi iungue. Nina rafiki aliyeanza kupima kila tonge kwa mizani ya jikoni akaishia kukataa kula na watu. Kuhesabu kwa wiki mbili kunatosha kukufundisha macho. Baada ya hapo macho yanaweza kufanya kazi.

Usingizi nitausemea mstari mmoja tu, kwa kuwa kila mtu anaujua na hakuna anayeutii: muda wa saa saba hadi tisa kila usiku.

## Asilimia 59

Sasa sehemu ambayo nimeizunguka kwa muda mrefu.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa watu 585, wanawake na wanaume, waliofanyishwa mazoezi ya mkono mmoja kwa wiki 12. Programu moja kwa wote. Matokeo yake kwa ukubwa wa msuli yalianzia kupungua kwa asilimia 2 hadi kuongezeka kwa asilimia 59. Kwa nguvu, yalianzia sifuri hadi asilimia 250.

Kila ninapozisoma namba hizi nakereka. Naelewa kwamba ile asilimia 2 ya kupungua inaweza kuwa makosa ya kipimo tu. Naelewa kwamba ulikuwa msuli mmoja, programu moja, miezi mitatu. Lakini hakuna namna ya kuusoma utafiti ule na kuendelea kusema kwamba jitihada sawa huleta matokeo sawa. Wawili wanaingia jimu siku moja, wanakula sawa, wanalala sawa, na mmoja anatoka kama amechongwa.

Sababu moja inayotajwa iko pembeni mwa nyuzi za misuli, kwenye seli ndogo ambazo Alexander Mauro alizieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1961 baada ya kuziona kwenye msuli wa chura. Seli hizi hukaa zimelala hadi uzi wa msuli uhitaji kukarabatiwa au kukuzwa, ndipo huamka na kuuchangia viini vipya. Tafiti zilizofuata zimewakuta wanaokua haraka wakiwa na akiba kubwa ya seli hizo tangu kabla hawajagusa chuma.

Je, nina haki ya kumwambia kijana wa watu avumilie, nikijua huenda yuko kwenye kundi la chini? Hili ndilo lililonifanya niache kuandika makala hii mara kadhaa.

Nilipofika ni hapa. Hakuna anayelijua kundi lake kwa wiki nane, na tepu haiwezi kumwambia. Kinachoweza kumwambia ni chuma kwa miezi. Na kama chuma kinapanda, chakula kipo, na bado mwili unakwenda polepole, basi atakuwa mtu mwenye nguvu asiye na mikono ya kwenye mabango. Hiyo ni bei ambayo mtu anaweza kuamua kuilipa au kutoilipa, lakini aamue akiijua. Kumficha ndiko nisikokupenda. Vijana wengi wanajilinganisha na miili iliyojengwa kwa homoni za sindano, wenyewe wakidhani tofauti ni bidii.

## Kuhusu kioo

Kuna watu watasema tatizo la Dogo ni kujitazama. Afanye mazoezi kwa ajili ya afya, aache kioo.

Mimi namtetea. Kutaka kuonekana umejengeka ni sababu nzuri ya kubeba chuma, tena ya siku nyingi. Mwaka 1901 Eugen Sandow, mjenga misuli mashuhuri wa enzi zile, aliujaza ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kwa mashindano ya miili, na mmoja wa majaji alikuwa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes. Watu walilipa kiingilio kwenda kutazama misuli. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki kwa kila mtu mzima, na wengi wetu hatutafika siku hizo mbili kwa kusukumwa na mapendekezo. Tutafika kwa sababu tunataka shati likae vizuri.

Kioo kina ratiba yake, hilo tu. Baada ya seti kadhaa damu hujaa kwenye misuli na mkono unaonekana mkubwa, na muda si mrefu umerudi ulivyokuwa. Mwanga wa juu huchora mistari, mwanga wa mbele huifuta. Picha moja kwa mwezi, asubuhi, mahali palepale, bila kujikaza, itakuambia zaidi ya picha za kila siku. Katikati ya picha na picha, sikiliza chuma.

## Wanaouliza kama wamechelewa

Swali hili huletwa zaidi na watu wa miaka thelathini na kitu, kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaulizia mkopo.

Mwaka 1990 jarida la tiba la JAMA lilichapisha kazi ya Maria Fiatarone na wenzake. Waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya wazee, umri wao kwa wastani miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya miguu kwa uzito mkubwa, hadi asilimia 80 ya uwezo wao wa juu, kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Eneo la misuli ya paja liliongezeka kwa asilimia 9.

Tazama namba hizo mbili zikiwa zimekaa pamoja, 174 na 9. Ni mwachano uleule ulioko kwenye daftari la kijana wa jimu yetu, kwa watu wenye umri wa babu wa baba yake.

Nilipomsimulia Kocha habari hizi alikunja uso. "Hao walianzia chini sana," alisema. "Lazima wapande."

Ni kweli kabisa. Na anayeanza leo, awe na miaka 19 au 50, naye anaanzia chini. Mimi kuongeza kilo tano kwenye kuchuchumaa sasa hivi ni kazi ya miezi mingi, tena nikiwa nimekula vizuri, nimelala vizuri na goti halijanisumbua. Yule dogo anaziongeza kabla hajamaliza kulalamika.